Mtoto wako Mkatoliki akianza kuhoji imani: mwongozo kwa wazazi wa Unguja na Pemba

Wazazi wengi Wakatoliki wa hapa Zanzibar tumekulia kwingine. Tumetoka Moshi, Songea, Sumbawanga, Bukoba, mahali ambapo kengele ya kanisa ilisikika kijiji kizima na asiye Mkatoliki ndiye aliyeonekana mgeni. Hatukuulizwa kwa nini tunaamini. Tulibatizwa wachanga, tukakariri katekisimu, tukapokea Komunyo ya kwanza, tukapata Kipaimara, yakaisha. Watoto wetu wamezaliwa Mwanakwerekwe, Tomondo, Chake, Wete. Wao wanaulizwa kila siku: darasani, uwanjani, kwenye daladala. Na swali linalomshinda, mtoto huja nalo nyumbani.

Mwongozo huu ni kwa mzazi mwenye kijana wa miaka kama 12 hadi 19 ambaye ameanza kusema "siamini", "siendi", au "mbona wenzangu wanasema hivi?" Hatua zimepangwa kwa namna ninavyoona mambo hutokea, lakini ukihitaji ya saba kabla ya ya pili, anzia hapo. Jambo moja tu naomba lisirukwe: kijana anayekuuliza wewe bado anakuamini wewe. Linda njia hiyo ya mazungumzo isifungwe. Mengine yote humu yanaitegemea.

Hatua ya 1: Siku ya kwanza, sikiliza tu

Neno hutoka saa usiyoitarajia. Jumapili alfajiri umeshapiga pasi, wadogo wamevaa viatu, mkubwa yuko kitandani anasema, "Leo siendi." Au mnakula usiku, mara anauliza, "Baba, hivi kweli Mungu anaweza kuwa na mtoto?" Moyo unapiga. Mdomoni yanakuja maneno tuliyoyasikia kwa wazazi wetu: usikufuru, nani kakutia maneno hayo, katika nyumba hii sitaki kusikia upuuzi. Yameze. Hayaliondoi swali, yanamfundisha mtoto kwamba kwako haliulizwi. Atalipeleka kwingine, na hapa kwetu kwingine hakuko mbali.

Sema badala yake: "Nimekusikia, mwanangu. Umeanza lini kuwaza hivyo?" Halafu nyamaza kweli, umwache amalize. Kama hujui jibu, mwambie hujui na mpe siku: "Niachie hadi Jumamosi nikasome." Jumamosi ikifika, rudi nalo hata kama yeye amesahau. Mtoto akiona umelihangaikia swali lake, anajua unamchukulia kama mtu mwenye akili.

Kanisa lenyewe halishtuki kwa kijana mwenye mashaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 2088, inatofautisha mtu anayekataa makusudi yale aliyofunuliwa na mtu anayesitasita kwa sababu anaona ugumu au ana wasiwasi. Huyu wa pili ndiye tuliye naye nyumbani mara nyingi. Mtume Tomaso alipotilia shaka ufufuko aliambiwa alete kidole chake, hakufukuzwa. Yule baba katika Marko sura ya 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa. Na Bwana wetu akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni akiwasikiliza waalimu na kuwauliza maswali.

Kuna jambo hapa naliona likiharibu sana: habari ya mtoto isipelekwe kwenye jumuiya kama nia ya sala kwa jina lake. Jumuiya zetu ni ndogo. Ukisema Alhamisi "tumwombee mwanangu ameanza kulegea", Jumapili mama watatu watamsimamisha mlangoni mwa kanisa wamkanye. Hatakuambia kitu tena. Mwombee chumbani kwako.

Hatua ya 2: Tafuta lililo nyuma ya swali

Swali la kijana lina sura mbili, lile analolitamka na lile linalomuuma. Ukijibu la kwanza peke yake unaweza kutoa jibu zuri kabisa lisilomsaidia.

Mama mmoja niliyekaa naye alikuwa na binti Kidato cha Pili, skuli ya serikali. Binti aliuliza, "Mama, kama dini yetu ndiyo ya kweli, mbona tuko wachache hivi?" Mama alikuwa na jibu tayari: Wakatoliki duniani ni zaidi ya bilioni moja. Ni kweli, lakini binti aliinua mabega tu. Jioni ile, wakichambua mchele, mama akauliza kitu kingine: "Kipindi cha dini unakaa wapi?" Ndipo ikatoka. Kipindi cha dini kikifika, wenzake hubaki darasani na mwalimu wao. Yeye hutoka, hukaa kwenye baraza la nje na daftari lake, peke yake, tangu Kidato cha Kwanza. Hakuna aliyemtukana. Amekaa tu peke yake mwaka na nusu. Bilioni ya Wakatoliki haikai naye pale barazani. Kilichomsaidia ni mama kwenda kwa mwalimu wa darasa kwa adabu na kuomba muda ule autumie maktaba, na kumtafutia mwanafunzi mwingine Mkristo wa skuli ile wakae pamoja.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua Biblia, pima. Je, ni upweke, kama wa binti yule? Je, kuna msiba: aliomba bibi apone, bibi akafa? Mtoto wa namna hii hahitaji hoja, anahitaji kulia na wewe na kusikia kwamba hata Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu. Je, ameudhika na mtu wa kanisani, au na wewe, kwamba baba anasoma somo la kwanza Jumapili na Jumatatu anampiga mama? Hapo hana tatizo na Utatu Mtakatifu. Tatizo analijua, nawe unalijua. Je, amependa mtu? Je, ni uchovu tu wa kijana aliyelala saa nane usiku na simu? Au ni swali la akili hasa, anataka kujua?

Na kama pamoja na kuacha sala ameacha kula, amejitenga na marafiki, halali, au anazungumza habari za kufa, acha mjadala wa dini kabisa. Mpeleke hospitali aonwe na wahudumu wa afya ya akili. Kumwombea ni vizuri, mwombee mkiwa njiani.

Hatua ya 3: Jifunze maswali ya hapa, kisha ujibu bila kupiga chenga

Hii ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo tunayoikimbia. Maswali ambayo mtoto Mkatoliki wa Zanzibar anaulizwa hayazidi saba au manane, yanarudi yale yale. Mzazi anaweza kuyasoma yote. Nayapitia yale mazito.

*Mungu ana mtoto? Mnaabudu miungu watatu?* Anza na yale ambayo sisi hatusemi. Hatusemi Mungu alioa. Hatusemi Maria ni mmoja wa Utatu. Hatusemi kuna miungu watatu. Kila Jumapili tunaanza Kanuni ya Imani kwa "Nasadiki kwa Mungu mmoja", maneno yenye mizizi katika Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325. Tunapomwita Yesu Mwana, hatuzungumzii uzazi wa mwili. Yohane 1:1 anamwita Neno: Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu, na katika aya ya 14 Neno akafanyika mwili. Mwambie kijana wazi kwamba fumbo hili halimalizwi na maelezo, na kwamba Waislamu hawalikubali kwa sababu wanaupenda umoja wa Mungu, si kwa sababu ni wabaya. Akiweza kueleza kwa utulivu tunachokiamini na tusichokiamini, inatosha. Hana kazi ya kumshinda rafiki yake.

*Biblia yenu imebadilishwa.* Hapa kuna mambo ya kushika mkononi. Zipo nakala kubwa za Biblia ya Kigiriki za karne ya 4, moja katika Maktaba ya Vatikano, nyingine sehemu yake kubwa iko London. Mwaka 1947 na miaka iliyofuata, karibu na Bahari ya Chumvi, yalipatikana magombo ya zamani kabisa, likiwemo la Isaya lililoandikwa kabla ya Kristo, na linakaribiana sana na Isaya tunayoisoma. Kuwa mkweli pia: wanakili walikosea hapa na pale, na Biblia nzuri zina maelezo ya chini yanayoonyesha, kwa mfano, kwamba mwisho wa Marko, 16:9-20, haumo katika baadhi ya nakala za kale. Kijana akilisikia hilo kwako kwanza, halitamwangusha atakapolikuta kwenye simu. Na ya kwetu ina vitabu 73 na ya Waprotestanti 66. Atakutana na swali hilo kwa wenzake walokole, afadhali ajue.

*Kwa nini mna masanamu?* Kitabu cha Kutoka sura ya 20 kinakataza kuchonga sanamu na kuiabudu, na kitabu hicho hicho sura ya 25 Mungu anaagiza makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulitenganisha heshima inayotolewa kwa picha na ibada inayomstahili Mungu peke yake. Ukiwa naye Minara Miwili, kanisa letu la Mtakatifu Yosefu pale Mji Mkongwe, muonyeshe: tabernakulo, kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, tunaipigia goti kwa sababu ya Ekaristi, sanamu ya Bikira Maria haipigiwi goti namna hiyo. Halafu jiangalie na wewe nyumbani. Kama una sanamu uliyoifanya hirizi mlangoni, mtoto ameona.

*Kwa nini padri haoi?* Jibu ni fupi. Ni sheria ya Kanisa la Kilatini, si fundisho la imani. Katika Makanisa Katoliki ya Mashariki wako mapadri wenye wake. Wengi hawalijui hilo.

*Ukristo ni dini ya wazungu na ya watumwa.* Hili hapa Zanzibar lina uzito wa pekee, maana soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, mahali lilipo Kanisa Kuu la Waanglikana sasa, na likafungwa 1873. Jibu la haraka ni kwamba Ukristo ulikuwa Misri, Afrika ya Kaskazini na Ethiopia karne nyingi kabla haujafika sehemu kubwa ya Ulaya ya Kaskazini. Mtakatifu Augustino alizaliwa mahali ambapo leo ni Algeria. Lakini usiishie hapo, maana kijana atakuwa ameshasoma historia. Wareno waliotawala pwani hii hadi walipong'olewa Mombasa mwaka 1698 walikuwa Wakatoliki. Papa Nikolao V mwaka 1452 alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia watu utumwani. Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa mwaka 1839, na Machi 2023 Vatikano ilikataa wazi mafundisho yaliyojengwa juu ya hati zile za zamani. Wamisionari Wakatoliki walifika Unguja 1860, wakavuka Bagamoyo 1868, na miongoni mwa Wakristo wao wa kwanza walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Mambo yote haya ni kweli kwa pamoja. Mtoto aliyefundishwa kwamba Kanisa halijawahi kukosea ataliacha siku atakapokuta kosa la kwanza. Aliyefundishwa kwamba Kanisa ni la watakatifu na wakosefu, na kwamba linaungama, ana pa kusimama.

Usijibu yote siku moja. Swali moja, dakika ishirini, mkiwa mnafanya kazi ya mikono. Vijana wengi huongea vizuri zaidi wasipotazamwa usoni.

Hatua ya 4: Usimfundishe imani kwa kumdharau jirani

Wapo wazazi wanaodhani mtoto atashika Ukatoliki akisikia mabaya ya Uislamu. Kwanza ni dhambi. Pili, hapa Zanzibar ni kosa la wazi hata kwa hesabu ya kawaida. Mtoto anamjua jirani. Bibi wa nyumba ya pili ndiye aliyemlea ulipokuwa zamu ya usiku hotelini; ndiye aliyeleta futari kwenye bakuli lenye kitambaa, ndiye aliyekuja mlipofiwa. Ukimsema vibaya mtu huyo, kijana atajua kati yenu ni nani anasema uongo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Oktoba 28, 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, unasema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima: wanamwabudu Mungu mmoja, wanamheshimu Yesu kama nabii ingawa hawamkiri kuwa Mungu, wanamheshimu Maria mama yake. Soma hayo na kijana. Mwambie kwamba katika Kurani kuna sura nzima inayoitwa Maryam, naye ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina humo. Kisha mwambie kwa wazi tunapoachana: msalaba, ufufuko, Umungu wa Kristo. Heshima haihitaji kuficha tofauti.

Kuna hofu nyingine ambayo wengi wetu tunaibeba bila kuisema. Padri Evarist Mushi alipigwa risasi na kuuawa Jumapili, Februari 17, 2013, akienda kuadhimisha Misa. Tuliokuwepo tunakumbuka jinsi tulivyowakumbatia watoto wiki ile. Vijana wa leo walikuwa wadogo au hawajazaliwa, lakini wameirithi hofu yetu kwa namna tunavyoshusha sauti. Wasimulie. Wasimulie kama habari ya mtu aliyekuwa akienda kazini kwa Bwana wake, na usiwabebeshe majirani zako damu ile.

Ramadhani huamsha maswali kuliko mwezi mwingine wowote. Kijana anaona rafiki zake hawanywi hata maji, anarudi anasema, "Sisi Kwaresima yetu ni ya mchezo." Ana hoja. Sheria ya Kanisa inadai kidogo: kufunga ni kwa wenye miaka 18 hadi kuanza mwaka wa 60, kujinyima nyama ni kuanzia miaka 14, na siku za kufunga zenyewe ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Hiyo ni sakafu, hakuna anayekukataza kupanda. Mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Familia inaweza kuchagua, kwa mfano, Jumatano na Ijumaa zote bila mlo wa mchana kwa wakubwa, fedha iliyobaki ikawekwa kopo moja na kijana mwenyewe akachagua mgonjwa wa kupelekewa. Na mwezi wa Ramadhani mfundishe asile mbele za wenzake, kwa adabu, bila kujiona anajificha.

Hatua ya 5: Misa ya Jumapili, na sakramenti

"Nimlazimishe au nimwache?" Nimeulizwa hili kuliko lolote. Maoni yangu ni haya. Mtoto wa miaka 12, 13, 14 anakwenda na familia, kama anavyokwenda skuli na kwenye msiba wa ukoo. Humuulizi kila wiki. Wa miaka 15, 16 bado anakuja, lakini mpe nafasi ya kuchagua kitu: Misa ipi, akae wapi, aende na nani. Kuanzia 17 au 18 ukimburuta utapata mwili tu kwenye benchi. Mwalike kila wiki kwa sauti ile ile, bila kununa akikataa, na asigeuze Jumapili kuwa siku ya kulala: anayebaki anapika chakula cha wote.

Kwa wazazi wa hotelini Nungwi, Kiwengwa na Paje ambao Jumapili ni kazini: Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili. Mtoto akikuona umetoka zamu umechoka na bado umekwenda, hilo anaelewa bila maelezo. Akikuona unamtuma kanisani ila wewe huendi, hilo pia anaelewa.

Kwenda kanisani ni jambo moja, sakramenti ni jingine, na hapa sitalegea. Usimsukume kijana kupanga mstari wa Komunyo. Akibaki kwenye benchi, usimuulize njiani kwa nini. Usimwamuru aungame. Akiungama, usimuulize alisema nini wala usimchokonoe padri. Padri haruhusiwi kutoa siri ya Kitubio hata kwa mzazi.

Kipaimara ndipo wazazi wengi tunapokosea njia. Sheria ya Kanisa, kanoni ya 889, inataka anayeimarishwa awe amefundishwa, awe tayari moyoni, na aweze kurudia ahadi za ubatizo. Kijana anayesema "siamini" hawezi kusimama mbele ya Askofu akasema "nasadiki". Kama anaomba asubiri, asubiri. Ninajua gauni limeshonwa, ndugu wamechanga, keki imeagizwa. Zungumza na katekista mapema, kwa faragha, sherehe iahirishwe. Anayesubiri mwaka mmoja akasadiki ni bora kuliko anayepakwa Krisma huku anajua anadanganya, maana huyo amefundishwa na wazazi wake kwamba dini ni maigizo.

Hatua ya 6: Mtafutie mtu mwingine wa kuzungumza naye

Baadhi ya mambo kijana hatakuambia wewe, na si kwa kuwa umekosea. Msimamizi wake wa ubatizo yuko wapi? Wengi wako bara. Mpigie, mwambie kazi yake haikuwa ya siku moja. Kwenye parokia tafuta kijana wa miaka ishirini na kitu aliyesoma skuli za hapa akabaki Mkatoliki. Huyo ana thamani kuliko mtaalamu, kwa sababu barazani aliwahi kukaa. Vikundi vya vijana, VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi) na TYCS (wanafunzi Wakatoliki), ni vizuri pale vinapojadili. Kama kazi ni kuimba na kuuza fulana tu, kijana mwenye maswali atachoka.

Kwa padri mpeleke akitaka mwenyewe. Ukimpeleka kama mshitakiwa, padri anakuwa polisi. Na maongezi yawe mahali pa wazi, mnapoonekana, awe padri, katekista au mlezi yeyote.

Hatua ya 7: Simu

Video za mihadhara zinapita kwenye simu za watoto wetu kila siku, za Waislamu wakiwachambua Wakristo, za Wakristo wakiwachambua Waislamu, za wasioamini wakiwacheka wote. Kumnyang'anya simu kunafaa kwa ajili ya usingizi, hakufai kwa ajili ya imani. Muombe akuonyeshe moja iliyomgusa. Itazameni yote. Kisha ulizaneni: msemaji amenukuu nini, na aya ya kabla na ya baada inasemaje? Yule anayempinga amepewa nafasi ya kujibu? Anayecheka anacheka kwa sababu ana hoja, au kwa sababu ana kipaza sauti? Fanyeni hivyo hivyo kwa video ya Mkatoliki. Kijana atakuheshimu ukikubali kwamba wa upande wetu naye amekosea.

Hatua ya 8: Akisema anataka kusilimu, au ameshasilimu

Hili ndilo linalowanyima wazazi usingizi, basi tuliseme. Kwanza jua ni lipi kati ya haya. Kuna mwenye mapenzi: kijana wa kiume amempenda binti wa Kiislamu, na kwa sheria ya Kiislamu binti huyo hawezi kuolewa na asiye Mwislamu, kwa hiyo ataombwa kusilimu. Wetu wa kike akimpenda Mwislamu mambo ni tofauti kidogo: Kanisa linaweza kutoa ruhusa ya ndoa ya namna hiyo kupitia Askofu, Mkatoliki akiahidi kushika imani yake na kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Wote wawili waambie mambo haya mapema, kabla moyo haujafungwa. Na kama bado wako skuli, jambo la kwanza ni wamalize skuli.

Kuna aliyeahidiwa kazi au makazi. Huyo mwambie kwa upole kwamba imani inayonunuliwa haimheshimu yeye wala Uislamu, na Waislamu wa kweli watakuambia hivyo hivyo. Halafu jiulize kwa nini alihitaji kuahidiwa.

Na kuna aliyesoma, akatafakari, akashawishika. Utalia. Lakini usimlaani, usimfukuze, usikate ada, usichome nguo zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Desemba 7, 1965 juu ya uhuru wa dini, unafundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda uhuru wa mtu kuamini dini aitakayo. Mwambie ukweli: "Nimeumia, na bado ni mwanangu. Sahani yako ipo." Akiwa anafunga, mwachie daku. Hiyo si kuukana Ukatoliki wako.

Monika, mama wa Augustino, alipitia haya. Mwanawe aliporudi nyumbani akiwa mfuasi wa Wamanikayo, dini nyingine ya wakati ule, kwanza alimkatalia kukaa naye na kula meza moja; baadaye, baada ya ndoto iliyompa matumaini, akamrudisha mezani. Alikwenda kwa askofu mmoja akimsihi ajadiliane na kijana. Askofu akakataa: bado hajaiva kufundishwa, mwache alipo, wewe mwombe Bwana tu, atagundua mwenyewe kwa kusoma. Mama akaendelea kulia, ndipo askofu akamwambia haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee. Augustino alibatizwa Milano Pasaka ya 387, na Monika akafariki mwaka huo huo. Sisemi kila mtoto atarudi. Nasema alichofanya Monika wakati wa kungoja kiko ndani ya uwezo wetu: alikula naye na alimwombea.

Anayehamia kwa walokole ana mambo mengine. Mara nyingi amekwenda kutafuta mahali anapoitwa kwa jina na kuombewa kwa sauti. Bado anamkiri Kristo. Msikilize amekuta nini huko, na uwaambie wazee wa parokia kwamba vijana wetu wanaondoka kwa sababu hiyo.

Hatua ya 9: Ndugu wa bara

Habari itafika. Shangazi atapiga simu, babu atatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita, mtu atasema mmezilea roho za watoto baharini. Baba na mama mkubaliane kabla, kauli iwe moja: "Tunajua, tunaongea naye, tunaomba sala zenu, tafadhali msimpigie yeye." Kama ninyi wawili hamkubaliani, malizeni chumbani. Kijana akigundua baba yuko hivi na mama yuko vile, atapita katikati.

Desemba mkisafiri kwa Noeli, kabla ya kupanda boti mpigie mkubwa mmoja wa ukoo anayeheshimika na mwenye busara, umweleze yote, umwombe awazuie wengine wasifanye kikao cha kumhukumu mtoto. Mwambie kijana pia mnakwenda kukuta nini, na mpange pamoja atajibu nini akiulizwa mbele za watu. "Bado natafuta, bibi, niombee" inatosha. Kama hataki kwenda Misa ya mkesha kijijini, amua mapema atabaki na nani nyumbani, ili usiku ule pasiwe na ugomvi mlangoni wageni wakisikia.